Siku Moja Kando ya Ziwa Orta



Tulipofika kaskazini ya Italia, pamoja na mama watoto, tulikwenda siku moja Orta San Giulio, mji mdogo ulio kando ya ziwa. Twakiri kwamba katika gari moshi tulikosana juu ya nauli, tukashuka hatusemezani.

Mji ni mtulivu sana: vichochoro vya mawe, na uwanja ulio wazi upande wa maji. Tulipanda mashua mpaka kisiwani, ambako watawa wa kike wa Mtakatifu Benedikto wanakaa tangu mwaka 1973. Njia izungukayo kisiwa yaitwa Njia ya Kimya. Kimya sisi tulikuja nacho, lakini si cha namna ile!

Ziwa hilo, wapenzi, lilipata kufa. Tangu mwaka 1926 kiwanda cha nyuzi kilimwaga humo maji yenye shaba na amonia. Maji yakawa makali, samaki wakaisha. Watu hawakungoja ziwa lijisafishe lenyewe. Mwaka 1989 na 1990 walimwaga humo zaidi ya tani 10,000 za unga wa mawe ya chokaa. Ukali ukapungua, samaki wakarudi.

Mlangoni mwa kanisa la kisiwani tulikumbuka neno la Bwana katika Mathayo 5, juu ya mtu aiachaye sadaka yake aende kwanza kupatana na ndugu yake. Tukaombana radhi pale pale, kabla ya kuingia. Nauli yenyewe ilikuwa kiasi gani, hata leo hatukumbuki.