Kibao Kilichotangulia Geti



Desturi ya mhadhara kama huu ni profesa mpya kueleza taaluma yake imetoka wapi. Mimi naomba nianzie pembeni ya barabara.

Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, saa 12 na nusu asubuhi, nilisimama kando ya barabara kuu mojawapo inayotoka Dar es Salaam, mkabala na shule ya msingi ambayo sitaitaja. Alikuja mtoto wa darasa la pili hivi, kaptula ya bluu, shati jeupe, amemshika mkono mdogo wake wa darasa la awali. Akafika ukingoni, akanyoosha mkono wa kulia juu kama alivyofundishwa. Lori likapita. Basi la mkoani likapita. Bodaboda mbili zikapita zikifukuzana. Upepo wa magari ulimpeperusha shati, ila mkono haukushuka. Nilitazama saa yangu: dakika nne nzima.

Wepesi wetu ni kusema madereva hawana utu. Mimi nilirudi nyuma kwa miguu kama mita 200, kisha nikaanza kutembea kuelekea shuleni nikitazama kile anachokitazama dereva. Kwanza nikakuta kibao cha mwendo wa 50. Kikafuata kile cha pembetatu chenye picha ya watoto: wekundu wake umepauka, nusu yake iko nyuma ya tawi la mwarobaini, na juu ya vichwa vya watoto wale mtu amebandika tangazo la mganga na namba yake ya simu. Halafu, kama mita 25 kabla ya geti, nikakuta kile cheupe chenye mistari myeusi ya kukata. Kibao cha kumaliza 50. Yaani dereva anaambiwa kanyaga mafuta, na anapokanyaga ndipo anapokutana na watoto.

Nikamwendea mlinzi wa shule, mzee wa makamo aliyevaa koti la mvua lisilo na vifungo. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwalimu." Nikamwuliza habari za kile kibao. Akanijibu bila kufikiri, kama mtu aliyekwisha kuulizwa mara nyingi na asione jambo likifanyika: "Hicho kina siku nyingi kuliko hili geti. Geti la zamani lilikuwa kule chini. Barabara ilipopanuliwa, geti likahamia huku. Kibao hakikuhama."

Kibao hakikuhama. Nimefundisha uhandisi wa barabara miaka mingi na sijapata kusikia somo la alama likifupishwa hivyo.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na mwendo wa chini ya hapo unategemea kibao. Sasa tazameni tunachofanya. Mbele ya shule nyingi kandokando ya barabara kuu tunaweka kibao cha watoto, na kando yake kibao cha 50. Lakini 50 ndiyo ile ile ya kijijini, ya sokoni, ya mbele ya kituo cha mafuta. Tumemwambia dereva hapa kuna watoto, kisha tukampa mwendo ambao angepewa hata kama wasingekuwepo.

Tofauti ya 30 na 50 si maneno. Chukueni gari dogo lenye breki nzima, lami kavu, dereva aliye macho. Tangu jicho limwone mtoto hadi mguu ufike kwenye breki inapita kama sekunde moja. Kwa mwendo wa 30, katika sekunde hiyo gari linakwenda mita 8 na kitu, na breki zikishika linahitaji kama 5 nyingine: jumla mita 13 hivi. Kwa mwendo wa 50, ile sekunde peke yake inakula karibu mita 14. Maana yake, pale gari la 30 lilipokwisha kusimama, dereva wa 50 ndiyo kwanza anagusa breki. Mtoto aliyeko mita 13 mbele, gari la kwanza linamsimamia mbele yake. La pili linamfikia na 50 yake kamili. Nimepiga hesabu hiyo ubaoni mara nyingi, na kila mara darasa hunyamaza.

Ndiyo maana Februari 2020 wajumbe wa mataifa waliokutana Stockholm walitaka 30 iwe ndiyo kikomo pale watu na magari wanapochanganyika, na Agosti mwaka huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaliunga mkono azimio hilo. Sitakaa sana hapo. Maazimio tunayo ya kutosha. Nataka kukaa kwenye kibao chenyewe, kwa sababu hata 30 ikiandikwa mahali pasipo, haitamlinda mtu.

Dereva wa masafa anavisoma vibao kama sisi tunavyowasoma watu. Akidanganywa mara tatu, ya nne haamini. Akikuta 50 porini, mahali palipowahi kuwa na kambi ya ujenzi ambayo imekwisha kuondoka. Akikuta 50 isiyo na kibao cha kuimaliza, asijue inaishia wapi. Akikuta nguzo tupu kwa sababu bati limeng'olewa likauzwa chuma chakavu. Basi anajifunza kitu kingine cha kutazama. Anamtazama trafiki. Ninyi mnaosafiri mnajua: magari yanayokuja yakiwasha taa, kila mtu anapunguza, maana mbele kuna tochi ya kupima mwendo. Tochi ikishapita, mwendo unarudi. Swali la dereva limegeuka kutoka "hapa kuna watoto?" likawa "hapa kuna askari?" Na kule kwenye geti, saa 12 na nusu asubuhi, askari hayupo.

Mimi mwenyewe nimewahi kupigwa tochi. Kibao kilikuwa nyuma ya lori lililoharibika, sikukiona, nikalipa shilingi 30,000. Askari alikuwa na haki yake kisheria na sina kinyongo naye. Ila nilipoondoka pale nilijiona nikiwatafuta askari kwa macho, kilomita hata 40 mbele, na vibao sikuvikumbuka tena. Ikiwa mwalimu wa alama amegeuka hivyo kwa faini moja, dereva wa lori atakuwaje?

Liko jambo jingine ambalo katika vitabu vya wenzetu halimo, kwa sababu wenzetu hawahesabu saa kama sisi. Marekani, majimbo mengi hupunguza mwendo mbele ya shule kwa saa maalumu tu, na baadhi ya wenzangu wanapendekeza tufuate hivyo hivyo. Sawa. Lakini kibao kikiandikwa 7:00–8:00, Mswahili asome nini? Asubuhi wanafunzi wakiingia, au saa saba mchana? Tukiandika 1:00–2:00 kwa saa zetu, dereva aliyetoka Zambia kuja bandarini asome nini? Na shule zetu za mjini nyingi zina zamu: hawa wanatoka mchana wakati wale wanaingia. Watoto wako barabarani tangu alfajiri mpaka jioni. Kwa shule zetu, kibao bora ni kile kisichotaja saa.

Lugha ya alama haijawahi kujieleza yenyewe. Watu waliitengeneza, wakaikosea, wakairekebisha. Uingereza, kabla ya mageuzi ya miaka ya 1960, shule ilionyeshwa kwa picha ya mwenge unaowaka, mwenge wa elimu. Fikirini mwenge huo uwekwe kando ya barabara ya kwetu, watu wangesema nini kama si Mwenge wa Uhuru? Margaret Calvert, aliyechora alama mpya akiwa na Jock Kinneir, akaweka msichana akimwongoza mvulana mdogo kwa mkono. Hakuna anayehitaji kutafsiriwa picha hiyo. Yule mtoto wangu wa Jumanne na mdogo wake walikuwa ndio picha yenyewe, wamesimama mita 60 kutoka kwenye kibao kisichoonekana.

Sasa naomba kusema la kwangu. Nilipokuwa mhandisi kijana, katika ofisi moja, nilitia saini mchoro ambao alama ya watoto imewekwa mita 20 kabla ya geti la shule, kwenye barabara ya 80. Mwendo wa 80 ni mita 22 kwa sekunde. Nilimpa dereva onyo la chini ya sekunde moja, nikaliita onyo. Mchoro ulipita kwa wakubwa wangu wawili na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa orodha ilidai alama iwepo, na ilikuwepo. Mpaka leo nikipita barabara ile napunguza mwendo kabla ya kukiona kibao hicho.

Huo ni upande wa dereva; kwa upande wa mtoto, mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Sweden, Stina Sandels, alichapisha matokeo ya miaka yake ya kuwachunguza watoto barabarani. Alionyesha kwamba mtoto mdogo hata umfundishe vipi hawezi kukabiliana na magari kama mtu mzima; barabara ndiyo imfuate mtoto. Hapa Dar es Salaam tunao ushahidi wa kwetu. Shirika la Amend lilizikagua shule moja moja, likaweka matuta, njia za miguu, vivuko, vibao, na pengine likahamisha geti kwenda upande wenye utulivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha majeruhi miongoni mwa watoto wa shule hizo wamepungua kwa zaidi ya robo, na mwaka huo huo kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI. Angalieni mpangilio wake: kibao kimesimama pamoja na tuta. Dereva asiyekiamini kibao, tuta atalikubali, na kesho atakiamini na kibao.

Barabara kuu ziko kwa TANROADS, za mitaa ziko kwa TARURA, geti ni la shule, na shule ni ya halmashauri. Geti likihama, hakuna barua inayotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ninachoomba ni barua hiyo tu: mwalimu mkuu asihamishe geti, na mkandarasi asikabidhi barabara, mpaka mtu mmoja mwenye jina na cheo atembee kwa miguu kutoka kibao cha kwanza hadi cha mwisho, asubuhi, wakati watoto wanaingia.

Jumatatu wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu watakuwa kwenye geti lile kabla ya saa 12, wakiwa na futi ya kupimia na kamera. Mzee mlinzi ameshaniahidi kuwaonyesha lilipokuwa geti la zamani.