SARAFU ZA KALE NA VITO VYA FEDHA: MALI ISIYO YA MTU MMOJA

(Nakala ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali, masheha na wakaazi)





Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo siku hizi linasikika katika shehia nyingi za pwani, nalo ni vijana wanaopita mashambani na ufukweni na mashine za kutafutia madini. Naomba nianze kwa kukiri kosa lililotendeka mbele ya macho yangu.

Nilipokuwa mtoto wa chuoni, nilifuatana na ami yangu kulima muhogo karibu na magofu. Jembe lake lilivunja kijungu, na ndani yake mlikuwa na visarafu vyeusi, vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Tulivisugua kwa limau na mchanga, vikang'ara. Baada ya siku chache ami alivipeleka kwa sonara mjini, vikayeyushwa, yakatoka mapete mawili ya harusi ya binti yake. Hapana aliyeona vibaya. Kijungu tulikitupa, na mahala penyewe leo siwezi kupaonyesha.

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, kulipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Sarafu za fedha zilipigwa katika mwambao wetu huu, nazo zina majina ya watawala ambao baadhi yao hawakuwa wakijulikana kabla. Lakini hazikuandikwa mwaka. Dinari, ambazo nyingi ni za Makhalifa wa Fatimiya, ndizo zilizo na tarehe. Kwa kuwa zote zilikutwa pamoja, wataalamu waliweza kusema kwamba zilifukiwa katika karne ya 11.

Naomba jambo hili lizingatiwe. Lau mtu angetangulia akachukua dhahabu akaiuza, na fedha akaiacha, zile sarafu 2,000 zingebakia bubu. Thamani kubwa ya kitu cha kale iko katika mahala kilipolala na vitu vilivyolala pamoja nacho. Na hilo ndilo tulilolivunja mimi na ami. Je, visarafu vyetu vilikuwa vya watawala hao hao, au wengine? Sitajua mimi, wala hatajua mtu mwengine yeyote.

Sasa nije kwenye mashine. Kazi yake si ya ajabu. Ule mduara wa chini una waya unaopitishiwa umeme, nao hupeleka nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na madini, mashine hulia. Hulia kwa sarafu ya miaka elfu, na hulia vile vile kwa kifuniko cha soda. Haisemi kitu kina umri gani, na vigae na shanga za kioo haivioni kabisa. Kwa hivyo anayeifuata huchimba mashimo mengi, na katika kila shimo hukata matabaka ya udongo ambayo mtaalamu angeyasoma kama kurasa za kitabu.

Aidha, wananchi wajihadhari na bei za kudanganyana. Riale nyingi za fedha zinazookotwa ni zile zenye sura ya Maria Theresa wa Austria, na zote zimeandikwa mwaka 1780. Mwaka huo ndio aliofariki, lakini riale ziliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile muda mrefu baadaye, maana wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Omani na mwambao wetu walizizoea. Kila moja ina uzito wa gramu 28 na kidogo. Masonara walizipenda, na bangili na vikuku vingi vya bibi zetu vilitokana nazo.

Uko mfano mwengine wa mbali. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 9 katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi hiyo. Alizihifadhi, na mwaka 1979 alizipeleka zikatambuliwe. Tano kati yake zilikuwa za shaba, zilizopigwa Kilwa. Yeye alitia alama ya msalaba kwenye ramani pale alipoziokota, na kwa sababu ya alama hiyo wataalamu waliweza kwenda huko mwaka 2013. Vipi zilifika ni suala lisilokwisha, lakini angalau suala lipo. Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu Wananchi, sheria ya kuhifadhi mambo ya kale katika visiwa hivi ipo tangu mwaka 1927. Kwa hivyo mnakumbushwa yafuatayo:

1. Asichimbe mtu wala kupitisha mashine katika magofu, misikiti ya kale na makaburi bila ya ruhusa ya maandishi.

2. Atakayekuta kitu kwa bahati, akiwa analima au anachimba msingi, asimamishe kazi pale pale na kupatia alama.

3. Kisisuguliwe kwa limau, ukwaju wala mchanga. Weusi wa fedha si uchafu tu, na maandishi huenda nao.

4. Chombo, vigae na kitambaa vilivyofuatana nacho vihifadhiwe pamoja.

5. Sheha apewe taarifa, naye aifikishe Wilayani na kwa Idara inayohusika na Mambo ya Kale.

6. Pete au mkufu wa siku hizi uliookotwa ufukweni una mwenyewe. Utangazwe, na upelekwe kituo cha Polisi.

Kwa masheha nina ombi moja. Mtu akileta kitu, msimpokee kama mwizi. Mwandikieni jina lake, siku na mahala, na mumshukuru mbele ya wenzake. Ami yangu hakuwa mwizi. Hakuwa na wa kumwambia, na hapana aliyewahi kumwambia.

Mapete yale yangalipo katika ukoo wetu. Ni mazuri, lakini hayana neno hata moja juu yake.