Mutoto Anayekoroma Kila Usiku



Tangu kule Nyarugusu hadi huku Fizi tunasemaga: mutoto akikoroma, amelala vizuri. Hapana. Mutoto anayekoroma karibu kila usiku, pumzi ikikatika, kisha anashituka na kuvuta hewa kwa nguvu, huyo njia yake ya hewa inazibika.

Mara nyingi zinazoziba ni nyama za kooni: mafindofindo, na nyama ingine iko nyuma ya pua, haionekani hata akifungua kinywa. Munganga wa Denmark, Wilhelm Meyer, aliieleza mwaka 1868. Shida hii tunaionaga zaidi kwa watoto wa miaka 2 hadi 8.

Sasa uso unaingia wapi? Ulimi ukikaa juu, kwenye paa la kinywa, unasaidia taya la juu kupanuka. Pua ikiziba, mutoto anapumua kwa kinywa, ulimi unashuka. Miaka ikipita, taya linaweza kubaki jembamba, meno yanasongamana, uso unarefuka, midomo haifungi vizuri. Si uchawi. Lakini kuna watu wamezaliwa na uso mrefu na ni wazima, kwa hiyo musiangalie sura peke yake, musikilize usingizi.

Mchana mutoto huyo anasinzia ao anafanya fujo masomoni. Usiku anaweza kukojoa kitandani. Tusimupige, ni usingizi umemukosa.

Tena, tusimupeleke kukatwa kimeo. Hakufungui njia ile, na kunaweza kuleta damu nyingi na maambukizo. Munganga wa koo, pua na masikio ndiye anaamua, na mara nyingi anaondoa zile nyama. Mapema ni bora, maana mifupa ya uso ingali inakua. Taya likishakaa vibaya, upasuaji peke yake hauwezi kulirudisha kila mara.

Basi, usiku musikilize, mumupige video kwa simu, mumuonyeshe muuguzi. Moshi wa makaa na sigara utoke chumbani.

Kwa kamati ninaomba hivi: kisanduku chekundu kinalipa malaria na matanga, kilipe pia safari ya mutoto huyu mjini, bila kungoja azidiwe. Upasuaji unapita nguvu ya kisanduku chetu. Hapo, wafadhili, ndipo tunawaomba mukono.