Kompyuta za Ofisi Zinapopewa Anwani Mpya



Barua ya Kitui huandikwa 90200, ya Makueni 90300. Bila nambari hizo, sanduku la posta la 12 la Kitui lingechanganywa na la 12 la Makueni. Kompyuta nazo ni vivyo hivyo: kila moja kwenye mtandao wa ofisi ina nambari yake, iitwayo anwani ya IP.

Ofisi nyingi huanza na fungu la 192.168.1, linalotosha vifaa 254 tu. Tuseme ofisi ya Mwingi na ya Mutomo zote zilianza hivyo. Siku zikiunganishwa, printa ya huku inagongana na kompyuta ya kule, na mwananchi aliyekuja kulipia leseni ya biashara anaambiwa, “Mtandao umepotea.” Dawa ni kupanga upya: kila kituo kipewe fungu lake, mfano 10.1 Mwingi na 10.2 Mutomo.

Kazi hii haitaki pupa. Kwanza, vifaa vyote vihesabiwe, hata kamera na printa zilizosahaulika. Pili, vituo vihamishwe kimoja kimoja, usiku au wikendi, hospitali zikiwa za mwisho. Tatu, mpango wa zamani uhifadhiwe, ili mambo yakiharibika turudi tulikotoka.

Nanyi wananchi, ulizeni mapema: huduma itasimama lini, na karatasi za kuandikia ziko wapi? Mgonjwa wa Mbooni asirudishwe nyumbani kwa sababu ya nambari.