Vitabu Huria kwa Vyuo Vyetu



Mwaka 2002 mkutano wa UNESCO ulizipa jina rasilimali huria za elimu: maandiko ya kufundishia ambayo mwenyewe ameruhusu yanakiliwe, yabadilishwe na kugawiwa bila malipo. Mradi wa TESSA ulioanza 2005, uliokishirikisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, umetoa masomo ya ualimu hata kwa Kiswahili. Kwa hiyo hatuanzi na ukurasa mtupu.

Hata hivyo, huria haina maana ya kukosa gharama. Mwalimu huanza na muhtasari wa kozi, hutafuta yaliyopo, husoma masharti ya leseni, kisha huweka mifano ya hapa Unguja: kilimo cha mwani, karafuu, hesabu za dukani. Mwenzake huyapitia kabla ya kuwafikia wanafunzi. Nakala nazo lazima zichapwe, kwani si kila mwanafunzi anamudu intaneti.

Tunaomba jambo moja: fedha za vitabu zilipie pia muda wa walimu. Kitabu cha dukani kikichakaa hununuliwa tena. Somo huria hurekebishwa, na chuo jirani hulitumia bila kuomba ruhusa.