Judith Ayaa: Kutoka Jukwaa la Washindi hadi Nyundo ya Kokoto
Mada kwa wazazi, walimu wa michezo na wakazi wa kata



Apitaye katika barabara za Mkoa wa Singida huwaona akina mama wameketi kando ya miamba, chini ya kivuli cha mti au kipande cha turubai, nyundo mkononi, wakigonga kokoto. Kazi hiyo ni halali na ina heshima yake. Nyumba nyingi za mkoa huu zimesimama juu ya kokoto hizo, na watoto wengi wamenunuliwa madaftari kwa fedha zake. Ni wachache, hata hivyo, wanaojua kwamba miongoni mwa wanawake waliowahi kuishi kwa nyundo hiyo katika Afrika Mashariki yumo mmoja aliyewahi kusimama kwenye jukwaa la washindi huko Edinburgh, Scotland, akavishwa medali ya shaba mbele ya wanariadha wa Jumuiya ya Madola. Jina lake ni Judith Ayaa, binti wa Kiacholi kutoka kaskazini mwa Uganda.

Ayaa alizaliwa mwaka 1952, miaka 10 kabla ya nchi yake kupata uhuru. Alikua wakati ambao riadha ya wanawake ilikuwa bado changa duniani kote, si Afrika peke yake. Katika Michezo ya Olimpiki, mbio za mita 800 kwa wanawake zilikimbiwa mwaka 1928, kisha zikaondolewa kwa hoja kwamba mwili wa mwanamke hauzimudu. Hazikurudi hadi mwaka 1960. Mita 400 kwa wanawake ziliingizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1964 mjini Tokyo. Kwa hiyo, Ayaa alipoanza kukimbia akiwa msichana mdogo, mbio ambazo zingempa jina zilikuwa na umri wa miaka michache tu katika Olimpiki.

Ukanda huu nao ulikuwa unaanza. Mwaka 1965, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Brazzaville, Mtanzania Theresia Dismas alitwaa medali ya fedha katika kurusha mkuki, na kuwatangulia wanaume wengi wa taifa hili ambao majina yao yalikuja kuvuma baadaye. Mwaka 1968 Kenya ilipeleka wanawake wake wa kwanza katika Olimpiki ya Mexico. Miongoni mwao alikuwamo Lydia Stephens, mkimbiaji wa mbio fupi. Mwaka huohuo wa 1968 Ayaa, akiwa na umri wa miaka 16, alianza kutamba katika mashindano ya Afrika Mashariki na Kati. Hadi mwaka 1970 alikuwa ameshinda humo mita 100 na pia mita 400, jambo ambalo si la kawaida, kwa kuwa mbio hizo mbili hudai miili ya aina mbili.

Inafaa kueleza kidogo kuhusu mbio za mita 400, hasa kwa wazazi ambao huwaona watoto wao wakizikimbia katika viwanja vya shule. Ni mzunguko mmoja kamili wa uwanja, na kila mkimbiaji hubaki katika njia yake mwanzo hadi mwisho. Wa njia ya nje huanzia mbele ili umbali uwe sawa, na ndiyo maana mtazamaji asiyezoea hudhani ya kuwa amependelewa. Walimu wa riadha huzihesabu miongoni mwa mbio fupi, ingawa anayezimaliza hakubaliani nao hata kidogo. Hakuna binadamu awezaye kukimbia mita 400 zote kwa kasi yake ya juu kabisa. Baada ya mita 300 hivi miguu huwa mizito kama iliyofungiwa mifuko ya mchanga, mabega hupanda, na pumzi hukatika. Anayeonekana kuchomoka mwishoni mara nyingi haongezi kasi. Anapungua polepole kuliko wenzake. Uwezo huo haupatikani kwa kipaji peke yake. Hujengwa kwa mazoezi ya miezi na miaka, chakula cha kutosha na mwalimu anayejua lini amzuie mwanafunzi asikimbie.

Julai 1970 Ayaa alikuwa Edinburgh. Michezo hiyo ya Jumuiya ya Madola ilikuwa ya kwanza kutumia vipimo vya mita badala ya yadi, na muda ulipimwa kwa vyombo vya umeme. Katika fainali ya mita 400, Marilyn Neufville wa Jamaica, msichana wa miaka 17, alikimbia kwa sekunde 51.02 na kuweka rekodi ya dunia. Nyuma yake Sandra Brown wa Australia alipata sekunde 53.66. Ayaa alimaliza wa tatu kwa sekunde 53.77.

Tofauti ya sekunde 0.11 kati ya fedha na shaba ni umbali usiofika hata mita moja. Binti wa miaka 18, aliyetoka katika nchi yenye viwanja vichache, alikuwa amekaribia kiasi hicho. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata medali katika michezo hiyo.

Miezi michache baadaye, Januari 1971, Idi Amin alitwaa madaraka nchini Uganda, na maisha ya kila Mganda yakaingia katika kipindi cha mashaka. Hata hivyo timu ya Uganda ilikwenda kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na Ayaa alikuwamo. Alipita mchujo wa kwanza wa mita 400, akaishia hatua iliyofuata. Katika michezo hiyohiyo Mganda mwenzake, John Akii-Bua, alishinda mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, ikawa rekodi ya dunia. Akii-Bua alikuwa askari polisi; alirudi nyumbani shujaa, na hadi leo Kampala ina barabara yenye jina lake. Yeye naye hakuepuka misukosuko: mwaka 1979 alilazimika kukimbilia Kenya. Lakini alikuwa na ajira iliyomlea alipokuwa mwanamichezo, na jina lake halikusahaulika.

Ya Ayaa yalikwenda kwa njia nyingine. Baada ya Munich jina lake lilififia katika orodha za mashindano. Akawa mama, na mbio zikakoma. Medali ya shaba haikugeuka kuwa shamba, nyumba wala cheti cha kazi. Miaka ilipopita, bingwa huyu alifikia hatua ya kugonga kokoto jijini Kampala ili awalishe wanawe. Alifariki dunia mwaka 2002. Miaka minne baadaye, huko Melbourne, Dorcus Inzikuru alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji na kuipatia Uganda medali ya dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Waliokumbuka siku hiyo kwamba njia ilifunguliwa na mwanamke mwingine hawakuwa wengi.

Haitakuwa haki kuilaumu nyundo. Swali linalostahili kuulizwa katika kila kata ni jingine: ilikuwaje msichana akaweza kulea kipaji chake hadi akawa wa tatu katika Jumuiya ya Madola, kisha asiwepo mtu wa kumuuliza atakula nini atakapoacha kukimbia? Wapo watakaosema kuwa hayo ni ya Uganda na ya zamani. Tanzania nayo imekuwa na wakimbiaji wake wa mbio fupi, na Nzaeli Kyomo, aliyeiwakilisha nchi katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 na Los Angeles mwaka 1984, ni mmoja wao. Vijana wangapi wa mkoa huu wanaweza kutaja jina lake bila kusaidiwa?

Kwa upande wa Singida, mkoa huu umezaa wakimbiaji, akiwamo Restituta Joseph wa mbio ndefu. Vipaji vya leo huonekana kwanza katika UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Hapo ndipo mzazi anapoanza kusikia kwamba binti yake ana mbio. Wazazi wengine hufurahi, wengine huingiwa na hofu, na hofu hiyo haipaswi kubezwa: msichana anayesafiri na timu anahitaji mwalimu wa kike wa kuambatana naye, mahali salama pa kulala na taarifa ya wazi ya siku ya kurudi. Mzazi anayo haki ya kuuliza mambo hayo matatu kabla ya kutia saini fomu ya ruhusa, na mwalimu anao wajibu wa kuyajibu.

Jambo la pili ni masomo. Vikosi vya ulinzi na usalama, yaani Jeshi la Wananchi, Jeshi la Kujenga Taifa, Polisi na Magereza, vimekuwa kimbilio la wanariadha wa Tanzania kwa miaka mingi, kwa kuwa humpa mkimbiaji mshahara na muda wa mazoezi. Lakini hakuna kikosi kinachoajiri kwa kuangalia mbio peke yake. Cheti cha shule huulizwa. Mwalimu anayemtoa mwanafunzi darasani wiki baada ya wiki kwa ajili ya mazoezi, bila kumrudishia vipindi alivyokosa, anampunguzia njia hiyo.

Na lipo lile lililomkuta Ayaa, la kuwa mama. Tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, kurejea katika shule za mfumo rasmi. Binti aliyejifungua anaweza kurudi darasani, na akirudi darasani anaweza kurudi uwanjani. Mzazi au mlezi aanzie kwa Mkuu wa Shule aliyokuwa akisoma binti huyo, au kwa Afisa Elimu Kata. Asiyeweza kurejea katika darasa la kawaida anaweza kusoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.

Kwa akina mama wa kokoto na wanamichezo waliostaafu, ipo mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Maelezo ya kusajili kikundi yanapatikana kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, na hakuna malipo yanayotakiwa kwa kuuliza.