Pikipiki Iliyopunguzwa Nguvu



Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2013, mwenye leseni ya daraja la A2 haruhusiwi kuendesha pikipiki ipitayo kilowati 35. Yenye nguvu zaidi, isiyozidi 70, yaweza kupunguzwa: mlango wa hewa huzuiwa usifunguke wote, injini ikakosa pumzi. Je, mpandaji huona nini? Mwendo wa taratibu haubadiliki sana. Bali injini ikizunguka mbio, mvuto hukoma mapema, na kulipita lori kwataka nafasi ndefu. Lakini twawakumbusheni: uzito haukupungua, wala breki hazikuongezeka. Basi aondoaye kizuizi kwa siri aweka rehani roho yake na ya mwenziwe njiani. Mwenda pole hajikwai.